Mahame Si Ardhi Tupu

Mswahili akitajiwa magofu, fikra yake huelekea pwani: huiona Kilwa Kisiwani na msikiti wake mkuu, Songo Mnara na kuta zake za matumbawe, na Gede iliyomezwa na msitu karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuifukua mwaka 1948. Ni haki kuyatukuza magofu hayo, kwani ni fahari ya umma wetu mzima. Walakini bara nako kuna magofu, na waliojenga huko hawakuwa masultani wala matajiri wa majahazi, bali watu wa ng'ombe na ulezi, waliojenga ili wake zao walale salama na nafaka yao isiporwe. Na kwa kuwa hayana mihirabu wala maandishi, wapitao huyadhania kuwa ni marundo ya mawe, wakaketi juu yake kupumzika, kisha wakaenda zao.

Kewanja ni kijiji cha Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, katika nchi ya Wakurya wa Nyamongo, si mbali na Mto Mara, ambao hutoka Kenya, ukapita katika Hifadhi ya Serengeti, kisha ukashuka hadi Ziwa Viktoria upande wa Musoma. Siku hizi jina la kijiji hiki husikika aghalabu kwa ajili ya dhahabu, kwani kipo kando ya mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, pamoja na majirani zake Nyangoto, Matongo, Kerende, Genkuru, Nyamwaga na Nyakunguru. Mahali kama hapo, ambapo boma lililokaliwa na vizazi huweza kuhamwa katika muda wa msimu mmoja, swali la magofu halikomei kwa wataalamu wa mambo ya kale. Ni swali la kila aila: je, boma likiishaachwa na watu wake, linalobaki ni kitu, ama si kitu?

Lugha zetu zimekwisha kulijibu swali hilo zamani. Wasukuma na Warundi huliita itongo eneo lililokuwa na makazi ya watu kisha wenyewe wakahama. Wajaluo husema gunda. Na Kiswahili kina mahame, na kwa mji mzima uliokufa kina ganjo. Mwanadamu hatungi neno mahususi kwa jambo asilolijali. Aliyekuwa wa kwanza kutamka mahame alitaka ardhi ile itofautishwe na pori, ijulikane kuwa iliwahi kuwa na wenyewe, na ya kwamba wenyewe hao walikwenda mahali na wana wao wapo.

Tuanze na mahame makubwa kuliko yote katika pande hizo. Mtu akitoka Kewanja akashika njia ya Nyamwaga hadi Tarime mjini, akavuka mpaka wa Sirari, akafika Migori nchini Kenya, kisha akaendelea kaskazini magharibi kilomita 46 nyingine, atafika penye vilima vya mawe na miti ya minyaa, mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma lenye ukuta, na Thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Mpaka ule aliouvuka ni wa jana tu kwa hesabu ya kuta hizo, kwani mstari kutoka ziwani kuelekea baharini ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, hali ya kuwa kuta za Thimlich yasadikiwa zilianza kusimamishwa katika karne ya 16.

Zilizobaki hapo ni ohinga kubwa nne, nazo huitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na iliyo kubwa kupita wenzake ni Kochieng. Kuta zake zina kimo cha mita moja na nusu hadi mita nne na nusu, na unene wake kwa wastani ni kama mita moja. Ajabu yake ni kwamba hazikutiwa udongo wala chokaa. Waashi wale waliokota mawe ya vilimani kama yalivyo, bila ya kuyachonga, wakasimamisha uso wa nje kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa, na uso wa ndani vivyo hivyo, kisha katikati wakashindilia mawe madogo yanayozifunga nyuso mbili hizo zikawa kitu kimoja. Na palipohitaji nguvu zaidi waliupinda ukuta, au wakauongezea nguzo za mawe za kuuegemeza, ili uzito usielemee upande mmoja. Aliyewahi kupanga mawe matatu ya jiko yakayumba atajua ni ujuzi wa namna gani uliohitajiwa kupanga mawe maelfu kwa maelfu yakakaa mamia ya miaka pasina kitu cha kuyashika ila uzito wake yenyewe na mkono wa aliyeyaweka.

Wala haikuwa kazi ya mahali pamoja. Watafiti wamehesabu maboma ya mawe ya namna hii zaidi ya 500, katika mahali zaidi ya 130, yakiwa yametapakaa katika nchi iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria, na Thimlich ni lililo kubwa na lililohifadhika kuliko yote. Waliotangulia kukaa humo wasemwa kuwa ni watu wa lugha za Kibantu, na baada yao wakaja Wajaluo. Na kila waliokuja walizitengeneza kuta walizozikuta, wakaziongeza, wakaishi ndani yake kwa taratibu zao. Ukuta mmoja ulirithiwa na makabila mbalimbali bila ya kubomolewa, na hilo ni jambo la kutafakari katika nchi ambayo habari za mipaka ya koo zimekuwa habari za majonzi mara nyingi.

Mlango wa ohinga ni mfupi na mwembamba, umefunikwa juu kwa mawe marefu, hata aingiaye hana budi kuinama. Mgeni mwema ainamapo hutoa heshima. Adui ainamapo hutoa kisogo chake kwa walinzi wanaomngoja ndani. Karibu na mlango pana mahali pa juu pa kuangalia mbali, na ndani ya ukuta mkubwa mna kuta ndogo za mazizi, na mashimo mapana yasiyo na kina yanayoonyesha zilikosimama nyumba. Yameonekana pia mawe ya kusagia, na alama za wahunzi waliofua chuma. Na zimepatikana hata shanga za kioo, ambazo hazitengenezwi katika vilima vile, dalili kwamba biashara ya mbali ilikwisha kuingia kwa mlango ule mfupi kabla ya mtu yeyote wa huko kuliona duka.

Maana tusisahau kwamba boma la kale lilikuwa ndilo maskani, ndilo zizi, na ndilo ghala kwa wakati mmoja. Mali ya watu wa nchi hizi ilikuwa ya namna mbili, ile inayotembea kwa miguu minne na ile inayowekwa ndani ya kihenge, na zote mbili zilikuwa na adui. Ng'ombe waliwindwa na wezi wa usiku na chui. Ulezi na mtama viliwindwa na njaa. Ukuta haukujengwa kwa ajili ya mfalme, kwani mfalme hakuwapo. Ulijengwa kuzunguka kihenge na zizi, yaani kuzunguka chakula cha mwaka ujao na mahari ya kijana atakayeoa. Kwa hiyo atakaye kuzisoma kuta za Thimlich na asome kwanza kilichokuwa ndani yake, atajua kwamba zile jamaa zilizimaliza nguvu zao za mikono katika kuihifadhi kesho yao.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wageni wengi wa nchi hizi hawakulifahamu. Mtu wa mji wa mawe wa pwani akiona nyumba imeanguka husema pametokea msiba: vita, ama tauni, ama ufukara. Lakini katika desturi ya Wajaluo, boma halikujengwa ili lidumu milele. Mwanamume huweka boma lake, nyumba ya mke mkubwa ikaelekea lango, za wake wengine zikafuata kwa utaratibu unaojulikana, na vijana wa kiume wakajenga vibanda vyao karibu na mlango. Kisha kila kijana, wakati wake ukifika, hutoka akaenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Mwenye boma akifa, akazikwa humo humo, na wajane wake wakamfuata mmoja mmoja, nyumba huachwa zianguke, na boma likawa gunda. Hapo ndipo faida yake ya pili inapoanza, kwani ardhi iliyolaliwa na ng'ombe miaka mingi huwa na rutuba kupita shamba lolote, wana na wajukuu wakarudi na majembe, wakapanda juu ya samadi ya babu yao. Na ugomvi wa mpaka ukizuka, mzee huwachukua washindani hadi penye gunda, akawaonyesha kaburi na shina la mti na mawe ya jiko. Wakurya nao, ambao boma lao huzunguka zizi la ng'ombe na kuhesabiwa kwa jina la mwenyewe, wanaijua vyema nguvu ya ushahidi wa namna hiyo.

Basi kwa watu wa bara mahame yalikuwa mambo matatu pamoja: makaburi, shamba, na hati ya milki. Ardhi ya namna hiyo haiwezi kuitwa tupu.

Kilichoziacha kuta za Thimlich zikose watu si vita. Serikali za kikoloni zilipokwisha kutandaza amri zao pande zote mbili za mpaka, mashambulizi makubwa yalipungua, na haja ya kukusanyika nyuma ya ukuta mmoja ikapungua pamoja nayo. Kila mwenye nguvu akatoka akajenga boma lake mbali, akalizungushia minyaa na miiba badala ya mawe. Kufikia katikati ya karne ya 20 ohinga zilikuwa zimekwisha kuhamwa. Na wakati huo huo neno boma lilipata maana mpya katika vinywa vya watu, likawa makao ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, na askari wake. Katika Wilaya ya Serengeti ya leo Wajerumani walijenga boma lao la mawe pale Ikoma. Na mwaka 1917, vita vikuu vya kwanza vilipokuwa vikiendelea, kikosi cha Kijerumani kilichojitenga chini ya Heinrich Naumann kilifika hapo kikapigana na askari wa Wabelgiji. Boma la Ikoma nalo likawa gofu baada ya Wajerumani kuondoka. Walilitumia muda mfupi kuliko umri wa mzee mmoja, hali ya kuwa ukuta usio na chokaa wa mkulima wa Thimlich ulikaliwa karne kadhaa.

Pamoja na amri ilikuja kodi, ambayo Wajerumani walianza kuitoza mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba, na pamoja na kodi likaja duka. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za pwani zilianza kulizunguka ziwa kwa wepesi usiopata kuonekana. Jina lililotangulia mengine yote katika biashara hiyo ni la Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch nchini India mwaka 1851, akafika Afrika Mashariki angali kijana, akajifunza kazi kwa Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, kisha akafungua maduka katika njia za misafara na za reli hadi Uganda, mpaka alipofariki mwaka 1916. Nyuma yake wakaja wengi wasiotajwa vitabuni, Wahindi na Waarabu na baadaye wenyeji wenyewe, waliosimamisha kuta nne na paa la bati kwenye njia panda, wakauza amerikani na kaniki, chumvi, sabuni, mafuta ya taa na majembe, wakanunua ngozi na samli na nafaka. Mwenye duka alilala nyuma ya duka lake. Nyumba na biashara vilikuwa chini ya paa moja, kama vile katika ohinga zizi na kihenge na kitanda vilivyokuwa ndani ya ukuta mmoja.

Duka hilo la bara nalo limekuwa na historia fupi yenye mageuzi mengi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilikuja Operesheni Vijiji, ambayo katika Mkoa wa Mara ilitekelezwa mwaka 1974, watu wakatolewa katika maboma yao yaliyotawanyika wakapangwa kando ya barabara katika vijiji vya pamoja. Na mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka, iliyokusudia kufunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka mahali pake maduka ya ushirika. Mtu aliyeona mambo mawili hayo katika muda wa miaka miwili aliona boma la baba yake likiwa mahame na duka alilokuwa akinunulia chumvi likiwa gofu. Alama ya duka lililokufa si ngumu kuitambua: ni sakafu ya saruji iliyopasuka katikati ya majani, kidato cha baraza kilicholika kwa nyayo za wateja, na mwembe uliopandwa ili wanaongoja zamu wapate kivuli.

Ndipo tunaporudi Kewanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka mtu akiondolewa katika ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka, na yaliyomo katika hesabu hiyo yanajulikana: ardhi yenyewe, majengo, mazao na miti, pamoja na posho ya usumbufu na gharama za kuhama. Makaburi nayo yana sheria yake ya kuhamishwa, iliyotungwa mwaka 1969. Haya yote ni mema, na kila mwananchi ana haki ya kuyadai bila ya kuona haya. Lakini katika daftari la mthamini hakuna safu ya kuandika kwamba pale palipo na mawe matatu ndipo bibi alipopikia miaka arubaini, wala kwamba kile kilima kidogo cheusi ni zizi la babu wa babu, na ya kuwa ukoo mzima hujitambua kwa kilima hicho. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo hulinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863, haiwezi kulinda boma la mkulima wa mwaka 1910 au duka la mwaka 1950 mpaka litangazwe rasmi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mahame ya bara haimo katika ulinzi wowote ila kumbukumbu za wenyewe.

Tofauti ya kuhama kwa jana na kuhama kwa leo ni hii. Aliyeacha gunda zamani aliweza kurudi kupanda, kurudi kutambika, kurudi kuwaonyesha watoto. Mahame yalibaki mahali pake yakimngoja. Lakini palipochimbwa shimo la mgodi, au palipofunikwa na kifusi, hapana wa kurudi wala pa kurudi. Hati imechukuliwa pamoja na ardhi iliyoandikwa juu yake. Maneno haya hayamaanishi kwamba dhahabu isichimbwe, maana nchi yahitaji mapato na vijana wahitaji kazi. Yamaanisha kwamba mtu asikubali kuondoka kabla hajainakili hati yake.

Na kuinakili si kazi ya maprofesa peke yao. Mwalimu wa shule ya msingi na wanafunzi wake, wakiwa na kamba ya kupimia, daftari na simu yenye kamera, waweza kwa wiki moja kupima boma, kuchora lango lilielekea wapi, zizi lilikuwa wapi, vihenge vilikuwa vingapi, na kila nyumba ilikuwa ya mama gani. Wazee waweza kuulizwa majina ya waliozaliwa humo na waliozikwa humo, na mwaka wa njaa ipi au mvua ipi boma lilipoanzishwa. Nakala moja ikae kwa aila, nyingine katika ofisi ya kijiji, nyingine shuleni. Thimlich Ohinga yenyewe ilisimama karne na karne ikijulikana kwa majirani zake tu. Ilipopimwa, ikachorwa na kuandikwa, dunia nayo ikaijua, na mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia, ikawa ya saba kwa Kenya, katika orodha ile ile iliyo na Lamu na Ngome ya Yesu. Mawe hayakuongezeka hata moja. Kilichoongezeka ni maandishi.

Kama kuna msomaji anayeona kwamba boma la mkulima ni kitu kidogo mno kupewa heshima hii, na afikirie mahali pamoja palipo katika mkoa ule ule wa Mara. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki Oktoba 14, 1999, hakuzikwa Dar es Salaam alikotawala, bali alirudishwa Butiama akazikwa Oktoba 23, katika eneo la boma la baba yake, Mtemi Burito, liitwalo Mwitongo. Wageni wa mataifa hufika hapo kila mwaka na kulitaja jina hilo, na wengi wao hawajui maana yake. Kwa Kizanaki, Mwitongo maana yake ni penye mahame.